Mabao 468 na bado yuko nje: kwa nini Jimmy McGrory hakuingia katika kikosi bora cha Celtic?

#1 Karani wa Takwimu (mleta uzi)

Wadau, habari zenu. Mwaka 2002 mashabiki wa Celtic ya Glasgow walipiga kura ya kuchagua kikosi bora cha klabu yao tangu ilipoanzishwa. Golini wakamweka Ronnie Simpson. Mbele yake wakawapanga Danny McGrain, Tommy Gemmell, Bobby Murdoch, Billy McNeill na Bertie Auld, wakafuata Jimmy Johnstone, Paul McStay, Kenny Dalglish, Henrik Larsson na Bobby Lennox. Johnstone, yule winga mfupi mwenye nywele nyekundu, akatangazwa kuwa mchezaji bora kuliko wote.

Sina ugomvi na jina hata moja kati ya hayo. Kinachonishinda ni kutomwona Jimmy McGrory. Huyu alisajiliwa na Celtic mwaka 1922, akatundika daluga mwaka 1937, na katika kipindi hicho aliifungia klabu mabao 468 katika mechi 445 za mashindano. Wastani wake ni zaidi ya bao moja kwa kila mechi, tena kwa miaka 15. Lennox, anayemfuata katika orodha ya wafungaji wa klabu, ana mabao yanayozidi kidogo 270, na Larsson ana 242. Januari 14, 1928 McGrory aliwafunga Dunfermline mabao manane peke yake katika ushindi wa 9-0, na hakuna aliyewahi kufunga mengi zaidi ya hayo katika mechi moja ya ligi kuu ya Uskoti.

Mtu wa namna hiyo anakosaje nafasi kati ya wachezaji 11? Nauliza kwa dhati, maana majibu ninayoyasikia kila mara hayajaniridhisha.

#2 Mtoto wa Ngamiani

Mkuu, kura hupigwa na walio hai. Kijana aliyekuwa na miaka 15 McGrory alipostaafu alikuwa na miaka 80 wakati wa kura hiyo, kama alibahatika kufika huko. Waliobaki walimjua kwa kusimuliwa na baba zao na babu zao. Johnstone, kwa upande wake, anaonekana. Fainali ya Kombe la Ulaya iliyochezwa Lisbon Mei 25, 1967 ipo kwenye filamu, na hata mimi niliyezaliwa miaka mingi baadaye nimemtazama akiwazungusha mabeki wa Inter Milan mpaka nikawaonea huruma. Ukimwona mtu kwa macho yako mwenyewe, takwimu za mwingine zinabaki kuwa tarakimu tu.

#3 Binti wa Makorora

Naunga mkono hoja ya #2, lakini kwa nusu tu, kwa sababu kuna jina linaloipinga. John Thomson, kipa kutoka Cardenden katika jimbo la Fife, alifariki Septemba 5, 1931 akiwa na miaka 22, baada ya kichwa chake kugongana na goti la Sam English wa Rangers alipojitupa miguuni mwa mshambuliaji huyo kuuwahi mpira pale Ibrox, uwanja wa Rangers. Makumi ya maelfu ya watu walihudhuria mazishi yake, na baadhi yao walikwenda kwa miguu kutoka Glasgow hadi Fife kwa sababu hawakuwa na nauli. Hadi leo mashabiki wanalitembelea kaburi lake na kumwimba. Thomson na McGrory walicheza timu moja, wakavaa jezi moja katika miaka ileile. Kama tatizo ni kukosekana kwa picha, mbona Thomson hajasahaulika?

#4 Mtoto wa Ngamiani

Dada yangu, umeuliza vyema, lakini tazama tena orodha ya mleta uzi. Golini yupo Simpson, Thomson hayupo. Wanamkumbuka kwa msiba wake, na walipofika kwenye kura wakampa nafasi yule aliyesimama golini Lisbon. Kwa hiyo mfano wako unanisaidia mimi.

#5 Mtani wa Ibrox

Naingia nikiwa shabiki wa upande wa pili wa Glasgow, na naomba nisikilizwe kabla sijafukuzwa. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa. Awali mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Baada ya hapo wakatosha wawili. Mabeki walichukua miaka kuzoea, na mabao yakafurika Uingereza nzima. Dixie Dean wa Everton alifunga mabao 60 ya ligi katika msimu wa 1927/28. Willie McFadyen wa Motherwell alifunga 52 katika msimu wa 1931/32, na hiyo ndiyo rekodi ya ligi kuu ya Uskoti mpaka sasa. Katika msimu huohuo Sam English aliyetajwa hapo juu aliifungia Rangers mabao 44 ya ligi, akiwa amebeba moyoni tukio ambalo hakulikusudia na ambalo alithibitishwa kuwa hana hatia nalo. McGrory alikuwa mfungaji hodari, sibishi. Ninachosema ni kwamba mabao ya enzi zile yalipatikana kwa bei nafuu, na huenda wapiga kura walilijua hilo.

#6 Karani wa Takwimu

Karibu sana mtani, hakuna wa kukufukuza humu. Hoja yako ya sheria ya kuotea ni ya kweli na niliitarajia. Hata hivyo, hao uliowataja wanampa McGrory nguvu zaidi. McFadyen alifika 52 katika msimu mmoja uliokuwa wa pekee kwake, na English naye msimu wake mkubwa ulikuwa huo mmoja. McGrory alifunga msimu baada ya msimu. Alipofikisha mabao 50 ya ligi katika msimu wa 1935/36, mabeki walikuwa wamekwisha kuizoea sheria kwa miaka kumi, naye alikuwa anatimiza miaka 32. Msimu huo Celtic ilitwaa ubingwa. Mabao yangekuwa ya bei nafuu kiasi hicho, kila klabu ingekuwa na mtu wa kufunga bao moja kila mechi kwa muongo mzima, na hazikuwa naye.

#7 Shabiki wa Kariakoo

Nimewahi kusoma kwamba mabao yake ni 550 na siyo 468. Tuchukue lipi?

#8 Karani wa Takwimu

Yote mawili yana maana yake, mkuu. Hiyo 550 ni hesabu ya mabao yake yote katika mechi za daraja la kwanza, yakiwemo aliyofunga Clydebank alikokwenda kwa mkopo msimu wa 1923/24, ya timu ya taifa na ya timu za uwakilishi. 468 ni ya Celtic pekee, na kwa kuwa tunajadili kikosi cha Celtic ndiyo tuitumie.

#9 Babu wa Forodhani

Vijana wangu, mnahesabu mabao, na mashabiki wa Celtic tangu zamani wanapenda chenga. Hapo ndipo lilipo jibu.

Chukueni fainali ya Kombe la Uskoti ya mwaka 1925 dhidi ya Dundee. Celtic ilikuwa nyuma kwa bao 1-0 na muda ulikuwa unayoyoma. Patsy Gallacher, mtu mwembamba aliyezaliwa Donegal huko Ireland, akauchukua mpira, akapita katikati ya mabeki, akasukumwa, akayumba, akaangushwa karibu kabisa na mstari wa goli huku mpira ukiwa umebanwa katikati ya miguu yake. Kipa alikuwa mbele yake na njia imezibwa. Gallacher akapiga sarakasi, akabiringika kinyumenyume na mpira wake mpaka ndani ya wavu, na ikabidi wenzake wamnasue nyavuni. Baadaye, zikiwa zimebaki dakika chache, kijana mmoja akajitupa hewani na kupiga mpira wa adhabu kwa kichwa, na Celtic ikashinda 2-1. Kijana huyo alikuwa McGrory. Yeye ndiye aliyefunga bao la kombe, lakini ukitaja fainali hiyo kwa mtu yeyote wa Celtic, atakusimulia sarakasi ya Gallacher.

Endeleeni mpaka miaka ya 1950. Charlie Tully wa Belfast alifunga bao la moja kwa moja kutoka kwenye kona dhidi ya Falkirk mwaka 1953, mwamuzi akaagiza kona irudiwe, naye akairudia na kufunga vilevile. Kisha akaja Johnstone. Gallacher, Tully, Johnstone: huo ni ukoo mmoja wa wacheza chenga, na mioyo ya watu ilikuwa imekwisha kuuchagua kabla ya kura. McGrory alikuwa mmaliziaji. Alistahili heshima na akapewa, lakini mapenzi yalikwenda kwa wengine.

#10 Binti wa Makorora

Shikamoo babu. Nimekuelewa, na simulizi ya 1925 umeipa haki yake. Hata hivyo Larsson hakuwa mcheza chenga, naye yumo kikosini. Lennox sifa yake kubwa ilikuwa mbio. McNeill alikuwa beki wa kati wa kupiga vichwa. Ingekuwa wanapiga kura kwa ajili ya chenga tu, orodha ingekuwa nyingine kabisa.

#11 Msafiri wa Clyde

Naishi Glasgow, upande wa mashariki, na siku za mechi hupita pale uwanjani. Ukikaribia lango kuu la Celtic Park kuna sanamu za shaba. Yupo Bruda Walfrid, mtawa wa shirika la Wamarist, ambaye klabu iliundwa kwa juhudi zake mwaka 1887 ili kupata fedha za kulisha maskini wa mashariki ya jiji. Yupo Jock Stein, meneja wa timu ile ya Lisbon, akiwa na Kombe la Ulaya. Yupo Johnstone, mpira mguuni, mwili umeinama upande mmoja kama anamwacha mtu. Billy McNeill naye amesimama mwanzo wa njia ya kuingilia, amelinyanyua kombe juu ya kichwa. Wazazi huwapiga watoto picha hapo, na mtoto anayekua akipigwa picha na Johnstone atampigia kura Johnstone.

Najua mtasema sanamu hizo zilikuja baada ya kura ya 2002, na ni kweli. Lakini zinaonyesha jinsi kumbukumbu ya klabu ilivyopangwa: mwanzilishi, kisha Lisbon. Miaka 80 iliyo katikati ya hapo, mgeni hukutani nayo njiani. Na McGrory ni mtoto wa hapahapa. Alizaliwa Garngad, mtaa wa kaskazini ya jiji ambao sasa unaitwa Royston, uliokuwa na viwanda na Waayalandi wengi maskini. Mwaka jana nilizungumza na mzee mmoja kwenye basi aliyekulia huko, na nilipolitaja jina la McGrory alinyamaza kidogo, kisha akanieleza jinsi baba yake alivyokuwa akiiga kichwa cha McGrory jikoni mbele ya watoto, kwa kujitupa juu ya kochi. Mzee huyo hakuwahi kumwona McGrory akicheza hata dakika moja.

#12 Mwana wa Kakamega

Hamjambo nyote. Kwa sisi Wakenya jina la kwanza la Celtic ni Victor Wanyama, na nashangaa tumefika hapa bila kumtaja. Alisajiliwa mwaka 2011 kutoka Beerschot ya Ubelgiji akavaa jezi namba 67 kwa heshima ya waliotwaa kombe mwaka 1967. Novemba 7, 2012 Celtic ilicheza na Barcelona, siku moja baada ya klabu kutimiza miaka 125. Dakika ya 21 Charlie Mulgrew akapiga kona, Wanyama akapanda juu ya Jordi Alba na kuupiga mpira kwa kichwa mpaka wavuni. Nilikuwa nimesimama katika kibanda cha kutazamia mpira, watu wamebanana, na ukuta wa mabati ulitikisika. Hakuna aliyekuwa pale atakayeisahau siku hiyo. Ndiye Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya, na bao hilo lilitupa ushindi.

#13 Shabiki wa Kariakoo

Ndugu yangu, furaha yako tunaishiriki wote wa ukanda huu, ila nina masahihisho mawili. Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa ni kaka yake, McDonald Mariga, aliyekuwa Inter Milan. Victor ni wa kwanza kufunga bao katika mashindano hayo. Pia matokeo yalikuwa 2-1, na bao la pili lilifungwa na Tony Watt dakika ya 83, kijana wa miaka 18 aliyekuwa ameingia kutoka benchi. Messi akapata la Barcelona katika dakika za nyongeza. Na tusimsahau kipa Fraser Forster, ambaye magazeti ya Hispania yalimwita ukuta mkubwa kwa jinsi alivyookoa.

#14 Mwana wa Kakamega

Asante kwa kuniweka sawa kuhusu Mariga. Lakini niruhusuni niuunganishe mfano huu na mada. Wanyama alikaa Celtic misimu miwili tu kabla ya kuuzwa Southampton mwaka 2013 kwa pauni milioni 12.5, ada ambayo klabu ya Uskoti haikuwa imewahi kuipata kwa mchezaji. Misimu miwili ni michache mno ukilinganisha na 15. Lakini ukiwauliza mashabiki wa Celtic wa umri wangu wakutajie mabao matano wanayoyakumbuka, kichwa kile dhidi ya Barcelona kitakuwemo. Bao moja usiku mkubwa wa Ulaya lina uzito kuliko mengi ya Jumamosi ya kawaida dhidi ya Airdrie au Hamilton. McGrory hakuwahi kupewa usiku wa namna hiyo, kwa sababu Kombe la Ulaya lilianza mwaka 1955, miaka 18 baada ya yeye kustaafu. Naona hapo ndipo alipokosa kura.

#15 Babu wa Forodhani

Hoja ya kijana wa Kakamega ni nzito. Kwa walio wageni niwakumbushe tu kwamba Johnstone mwenyewe usiku wake mkubwa kuliko yote huenda haukuwa Lisbon. Novemba 1968 Celtic iliwakaribisha Red Star Belgrade. Johnstone aliogopa sana ndege tangu siku aliyopata msukosuko wa hali ya hewa angani. Kipindi cha kwanza kiliisha 1-1. Stein akamwambia kwamba timu ikipata ushindi mnono, yeye hatalazimika kupanda ndege kwenda Belgrade kwa mechi ya marudiano. Johnstone akatoka vyumbani kama aliyefunguliwa kamba, akafunga mawili, akatengeneza mengine, mechi ikaisha 5-1, na kweli akabaki nyumbani.

#16 Mtani wa Ibrox

Kuna jambo hamjalitaja, nami nalisema bila kejeli. Katika misimu 20 kati ya vita kuu mbili, Rangers ilitwaa ubingwa mara 15, Celtic mara nne, Motherwell mara moja. McGrory alicheza miaka 15 akapata ubingwa mara mbili, 1926 na 1936. Alipata Kombe la Uskoti mara nne, 1925, 1931, 1933 na 1937, na si haba. Lakini Lennox, McNeill na Johnstone walikuwa katika timu iliyotwaa ubingwa mara tisa mfululizo, kuanzia 1966 hadi 1974. Mashabiki huchagua kikosi kutoka zama za furaha yao. Zama za McGrory zilikuwa za furaha yetu sisi.

#17 Mwalimu wa Michezo Morogoro

Nimesoma uzi wote kwa makini na nataka kuongeza sababu ambayo kwangu ndiyo kubwa: McGrory alirudi kuwa meneja. Aliiongoza Celtic kuanzia 1945 hadi 1965, na miaka hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya ukame. Ubingwa ulipatikana mara moja tu, mwaka 1954. Ulikuwepo ushindi wa 7-1 dhidi ya Rangers katika fainali ya Kombe la Ligi mwaka 1957, lakini baada ya hapo miaka saba na zaidi ilipita bila taji kubwa. Kila mtu aliyekuwa karibu na klabu alijua kwamba mwenyekiti, Robert Kelly, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya kikosi. McGrory alikuwa mpole, mwungwana, mtu wa kofia na kiko, hakupigana na bosi wake. Mpiga kura wa mwaka 2002 aliyekuwa na miaka 60 alimjua McGrory huyo, meneja asiyesikika wa timu iliyokuwa ikifungwa, na hakuwahi kumwona yule mwingine aliyekuwa akiruka mzimamzima kama torpido. Picha ya pili iliifuta ya kwanza.

Nimeliona hilo katika kazi yangu ya kufundisha. Tulikuwa na mwalimu mwenzetu aliyekuwa straika hatari sana katika ujana wake, na wanafunzi waliomkuta akiwa mzee mwenye filimbi hawakuamini hata tulipowaambia.

#18 Binti wa Makorora

Mwalimu, hapo umenigusa, na nakuongezea. Simpson, Craig, Gemmell, Murdoch, McNeill, Clark, Johnstone, Chalmers, Auld na Lennox wote walikuwa wamekwisha kuwa wachezaji wa Celtic Stein alipowasili Machi 1965. Aliyenunuliwa na Stein katika kikosi cha Lisbon ni Willie Wallace peke yake, kutoka Hearts mwaka 1966. Johnstone alipewa mechi yake ya kwanza na McGrory mwaka 1963, Celtic ikafungwa 6-0 na Kilmarnock, na hakutupwa. Kikosi kilichochaguliwa mwaka 2002 kina watu saba wa Lisbon, na wote saba walisajiliwa katika miaka ya McGrory. Mimi hili linaniuma kila ninapolifikiria. Walioushika mlango wakaingia wenzao, wao wakabaki nje.

#19 Mtoto wa Ngamiani

Tuwe waangalifu hapo, dada. Kama Kelly ndiye aliyepanga timu, kama mwalimu anavyosema, basi hatuwezi kumpa McGrory sifa zote za usajili na kumwondolea lawama zote za matokeo. Tuchague moja.

#20 Binti wa Makorora

Kupanga kikosi cha Jumamosi na kukaa na kijana wa miaka 16 ili akubali kubaki klabuni ni kazi mbili tofauti. Wachezaji wengi wa wakati ule waliendelea kumheshimu McGrory kama baba, na Stein mwenyewe aliyemrithi aliendelea kumwita bosi.

#21 Msafiri wa Clyde

Kuna kisa kinachoonyesha alivyokuwa. Mwaka 1928 meneja Willie Maley alisafiri naye kwenda kuhiji Lourdes, Ufaransa. Walipofika London, Herbert Chapman wa Arsenal alikuwa anawasubiri, tayari na ofa ya pauni 10,000. Celtic ilihitaji fedha na ilitaka kumuuza. McGrory alikataa. Walipokuwa wanarudi Chapman akawasubiri tena, naye akakataa tena. Arsenal ikamnunua David Jack kutoka Bolton kwa rekodi ya zaidi ya pauni 10,000. McGrory akarudi nyumbani, na kwa miaka kadhaa klabu ikamlipa pungufu ya wenzake bila kumwambia. Alikuja kulijua hilo baadaye na hakuisema vibaya klabu.

#22 Shabiki wa Kariakoo

Hilo la mshahara nilikuwa silijui, na limenikera kweli. Mfungaji bora wa klabu analipwa pungufu kwa kosa la kuipenda!

Ila niwarudishe kwa Larsson, maana nafasi ya mshambuliaji wa kati ni yake na hatoki. Alinunuliwa mwaka 1997 kutoka Feyenoord kwa pauni 650,000, mtoto wa mama Mswidi na baba kutoka Cape Verde. Mechi yake ya kwanza dhidi ya Hibernian alitoa pasi mbovu iliyozaa bao la ushindi la wapinzani, na watu wakaanza kunong'ona. Mwisho wa msimu huohuo alifunga bao la kwanza katika mechi ya mwisho dhidi ya St Johnstone, Celtic ikatwaa ubingwa na kuizuia Rangers kufikisha kumi mfululizo. Akavunjika mguu vibaya Lyon mwaka 1999, akarudi, akafunga mabao 53 msimu uliofuata, 35 kati yake ya ligi, na akachukua Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya. Katika fainali ya Kombe la UEFA mwaka 2003 pale Seville, dhidi ya Porto ya José Mourinho, alifunga mawili kwa kichwa katika joto kali na timu ikapoteza 3-2 katika muda wa ziada. Nilimtazama usiku ule na baba yangu, ambaye hakuwa na timu Uskoti, naye alizima redio yake akasogeza kiti karibu na runinga. Huyo humpumzishi benchi kwa ajili ya mtu wa mwaka 1928.

#23 Karani wa Takwimu

Nawashukuru nyote. Nimepata sababu sita au saba na kila moja ina mtu wa kuitetea na mtu wa kuipinga. Hebu tuache kwa nini, tuulize vipi. Ukitaka kumwingiza McGrory bila kumgusa Larsson, nani atoke?

#24 Mtani wa Ibrox

Auld. McStay acheze kiungo na Murdoch, Dalglish nyuma kidogo ya McGrory na Larsson, Johnstone kulia, Lennox kushoto. Mabeki wangu wa enzi zozote wasingependa kukutana na hiyo.

#25 Mwalimu wa Michezo Morogoro

Mtani, ukimtoa Auld unabaki na washambuliaji watano na viungo wawili, na beki wa kati mmoja tu, McNeill, kwa sababu kura haikuchagua hata beki wa pili wa kati. Hiyo inawezekana katika mfumo wa zama za McGrory, wa mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano. Auld na Murdoch ndio walioikamata katikati Lisbon, na Auld ndiye aliyegonga mwamba kabla Gemmell hajasawazisha dakika ya 63. Mimi ningemtoa Lennox, ingawa najua nitapigwa mawe. Mabao yake yanazidi 270, lakini McGrory anayo karibu 200 zaidi, na upande wa kushoto Gemmell anaupanda peke yake vizuri.

#26 Babu wa Forodhani

Lennox hatoki. Alizaliwa Saltcoats, ndiye aliyetoka mbali kuliko wote katika kikosi kile cha Lisbon ambacho kila mmoja wao alizaliwa ndani ya maili 30 kutoka Celtic Park, na vibendera viliinuliwa dhidi yake mara nyingi isivyo haki kwa sababu waamuzi wa pembeni hawakuamini kwamba mtu anaweza kuondoka kwa kasi ile. Mabao yaliyokataliwa hayamo katika hizo 270 na ushei. Mwalimu, tafuta mwingine wa kumtoa.

#27 Mwalimu wa Michezo Morogoro

Basi babu, nitajie wewe. McStay?

#28 Msafiri wa Clyde

McStay alikaa Celtic tangu utotoni mpaka alipostaafu mwaka 1997, akawa nahodha katika miaka migumu ambayo klabu ilikaribia kufilisika, na angeweza kuondoka kama wengine. Ukimtoa huyo ili kumpisha McGrory, utakuwa umemwondoa mtu aliyefanya kilekile alichofanya McGrory mwaka 1928. Mimi nipo na mtani: Auld.